Mrejesho: yule mwalimu na binti wa jirani

Wadau, mwezi uliopita niliwaomba ushauri. Binti wa jirani yangu hapa Tanga, yuko kidato cha pili, mwalimu wake alikuwa anamtumia hela ya vocha na kumwita ofisini baada ya masomo. Niliogopa kumchafulia mtu jina kwa dhana tu.

Nilianza na mama wa binti. Alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Hakujibu, akaendelea, nyama ikaisha, bado anakuna kifuu. Kisha akasema, "Dada, hata mimi nilikuwa naona."

Tukapiga 116, simu ya huduma kwa mtoto, bure. Hawakutudai ushahidi, walitaka tueleze tulichokiona. Wakatuelekeza ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto polisi. (Mkuu wa shule alitaka "tuyamalize kimyakimya". Nikamuaga.) Askari wa kike alizungumza na binti faragha, bila kumkaripia. Meseji za mwalimu hatukuwa tumezifuta, zikasaidia sana.

Mwalimu kasimamishwa, uchunguzi unaendelea. Mtaani naitwa kiherehere, sawa tu. Binti anakwenda shule; jana jioni kaja kuazima pasi.