Zanzibar ilibadilishwa na kijisiwa cha Ujerumani? Hiyo Heligoland ni kitu gani na kuna aliyefika?

Mtoto_wa_Temeke:
Wadau habari za jioni. Juzi kijiweni tumebishana mpaka kahawa imepoa, jamaa mmoja anasema Zanzibar ilikuwa ya Mjerumani halafu akabadilishana na Mwingereza kwa kisiwa kimoja kidogo huko Ulaya, kama mtu anavyotoa mbuzi akapewa kuku. Mimi nikakumbuka kweli shuleni tulikariri mkataba wa Heligoland wa 1890, tukauandika kwenye mtihani, tukapata maksi, tukasahau. Ila hakuna mwalimu aliyetuambia hiyo Heligoland yenyewe ni nini, iko wapi, inakaa watu au ni jiwe la ndege tu. Nimefungua ramani kwenye simu nimevuta mpaka kidole kimechoka naona kadoti tu katikati ya bahari. Sasa nauliza, kwanza kilichotokea ni nini hasa, pili kuna mtu yeyote humu amewahi kukanyaga huko atuambie pakoje? Asanteni.

Kibonde_2:
Mjerumani alipigwa changa la macho hapo 😂 nangoja majibu ya wakubwa.

DadaWaHamburg:
Mimi nimefika. Niko huku Hamburg mwaka wa sita nafanya uuguzi, mwezi wa sita mwaka jana tulikwenda na wenzangu wawili wa kazini, kwenda na kurudi siku moja. Wenyewe wanaandika Helgoland, bila hiyo "i", hiyo "i" ni ya Waingereza. Unapanda meli Cuxhaven, pale mto Elbe unapomwaga baharini, halafu unakaa majini kama saa mbili na nusu hivi, ni karibu kilomita 60. Na hiyo bahari ya Kaskazini usiifananishe na boti ya Unguja bwana, kuna mawimbi yanakuja ubavuni, mmoja wetu alitapika tangu nusu saa ya kwanza mpaka tunafunga gati.

Halafu ghafla unaiona. Ujerumani yote ya pwani ile ni tambarare, matope na nyasi na kondoo, sasa wewe unakuta katikati ya maji limesimama jabali JEKUNDU, jekundu la tofali la kuchoma, lina mistari myeupe myeupe, juu limekatika bapa kama meza na nyasi za kijani. Wana kimsemo chao kuhusu bendera yao, kwamba kijani ni nchi, nyekundu ni ukingo, nyeupe ni mchanga, ndio rangi za Helgoland. Ukisogea kwenye reli pale juu upepo unakuvua kofia, na nyumba zilivyobanana utadhani zinashikana mikono zisipeperuke.

Ni manispaa kamili ina meya wake na baraza lake, lakini watu wote hawazidi sana 1,300. Temeke huo ni mtaa tu tena mdogo. Magari hakuna, na baiskeli pia marufuku, imeandikwa kabisa kwenye sheria ya barabara ya nchi nzima kuna kifungu kinaitaja Helgoland kwa jina. Mji uko ngazi mbili, wa chini karibu na bandari na wa juu kwenye jabali, kuna lifti au upande ngazi zaidi ya 180. Mimi nilijifanya mjanja nikapanda ngazi, nilifika juu nimeshika kiuno.

Wageni wengi wanafuata maduka, kwa sababu kisiwa kiko Ujerumani lakini kiko nje ya eneo la forodha la Umoja wa Ulaya, kwa hiyo sigara, pombe na manukato yanauzwa bila ushuru. Ukirudi bara kuna kiwango, sigara ni katoni moja basi. Kuna mzee kwenye meli yetu alikuwa na begi linalia kilingi kilingi kila wimbi likipiga.

Mwl_Mstaafu:
Mtoto wa Temeke, huyo jamaa yako wa kijiweni amekosea mahali pamoja kubwa na ni kosa ambalo hata Wajerumani wenyewe walikuwa wakilikosea siku zile. Zanzibar haikuwahi kuwa ya Mjerumani hata siku moja. Ilikuwa ya Sultani. Huwezi kubadilishana kitu ambacho si chako, isipokuwa uwe mkoloni.

Ilivyokuwa ni hivi. Bismarck, chansela yaani mkuu wa serikali ya Ujerumani, aliondolewa madarakani mwezi Machi 1890, akaingia Caprivi. Kaiser, yaani mfalme wao, Wilhelm II alikuwa na kiu ya jeshi la majini, na wakati ule walikuwa wanachimba mfereji wa Kiel unaotokea pale mdomo wa mto Elbe, kazi ilianza 1887. Sasa tazama ramani vizuri hapo ulipochoka kidole, hicho kidoti kimekaa mbele ya mdomo wa Elbe kama mlinzi wa getini, na mlinzi huyo alikuwa Mwingereza. Waingereza walikinyakua kwa Wadenmark mwaka 1807 wakati wa vita vya Napoleon, na kwa kweli hakikuwafaa kitu kikubwa. Basi tarehe 1 Julai 1890 wakasaini. Mjerumani akapata Helgoland. Akakubali kuitambua Zanzibar, yaani Unguja na Pemba, kuwa chini ya ulinzi wa Mwingereza. Akaachia Witu, huko Kenya. Akapata ule ukanda mrefu mwembamba wa kaskazini mwa Namibia ulioitwa Caprivi kwa jina la huyo huyo chansela, eti wafike mto Zambezi washuke nao mpaka bahari ya Hindi, na maporomoko ya Victoria yapo mbele yao yanawangoja.

Na cha kwetu bara ambacho watu hawakitaji: Mwingereza aliahidi kumbana Sultani auze mwambao, ule ukanda wa Bagamoyo, Dar es Salaam, Kilwa, ambao Wajerumani walikuwa wameukodi tu na kodi hiyo ndiyo iliyoleta vita vya Abushiri. Sultani akalipwa marki milioni 4. Abushiri mwenyewe alinyongwa Pangani Desemba 1889, miezi saba hata haijafika wanasaini. Na Mafia ikaenda kwa Mjerumani, ndiyo maana leo Mafia ni mkoa wa Pwani na si Zanzibar.

Mtihani ukiuliza, andika hivyo.

Mtoto_wa_Temeke:
Mwalimu shikamoo. Hapo kwenye Mafia umenimaliza, miaka yote najiuliza mbona Mafia ni kisiwa na kipo huku kwetu. Sasa na wale wa huko Helgoland waliulizwa?

Mwl_Mstaafu:
Marahaba. Hawakuulizwa. Walikuwa kama 2,000 hivi, walisikia kama wewe ulivyosikia. Walichopewa ni kwamba anayetaka kubaki na uraia wa Kiingereza aseme mpaka mwanzo wa 1892, na waliozaliwa kabla ya mkataba kusainiwa wasiingizwe jeshini. Bunge la London lilikaa likajadili. Sultani Ali bin Said alikuwa ndio kwanza ana miezi kwenye kiti, na kufikia Novemba 1890 ulinzi wa Mwingereza ukatangazwa rasmi.

Shela_wa_Lamu:
Ahsante mwalimu kwa kuitaja Witu maana watu huipita kama si mahali. Witu iko kwetu Lamu, ukipanda basi la kutoka Malindi waipitia. Sultani wake alikuwa chini ya ulinzi wa Mjerumani tangu miaka ya 1880, huyo Mjerumani alikuwa ndiye ngao yao dhidi ya Zanzibar. Halafu siku moja waambiwa rafiki yenu amewaacha, sasa mko na Mwingereza. Septemba 1890 Mjerumani mmoja aitwaye Küntzel na wenziwe waliuawa huko, na Oktoba Waingereza wakaja na manowari, wakapanda bara wakaichoma Witu. Wale wa huko Helgoland walipigiwa mizinga ya heshima na Kaiser akawatembelea mwezi wa nane, sisi mizinga tulopigiwa ni ya namna nyengine.

Kibonde_2:
Nafuta kauli yangu ya changa la macho.

DadaWaHamburg:
Shela pole sana, hilo sikulijua. Lakini ngoja niwaambie na wao yaliyowapata baadaye maana nilisoma makumbusho pale, nikakaa mpaka karibu nikose meli.

Kaiser alipokipata akakijaza mizinga na bandari ya kivita. Vita vya kwanza wenyeji wote wakahamishwa, baada ya vita ikabidi ngome zibomolewe. Akaja Hitler akajenga upya, mahandaki ndani ya jabali na banda la zege la nyambizi. Tarehe 18 Aprili 1945, vita imebaki wiki chache iishe, zikaja ndege za Waingereza karibu elfu moja na kumwaga mabomu kama elfu saba kwenye kitu ambacho hakifiki kilomita mraba mbili. Raia wengi walipona kwa sababu walikuwa ndani ya yale mahandaki. Wakatolewa wote. Miaka miwili baadaye, tarehe ileile 18 Aprili 1947, Waingereza wakarundika baruti na mabomu yaliyobaki tani 6,700 hivi wakalipua kwa mpigo. Jabali halikwenda popote, kipande cha kusini tu kilimomonyoka na leo ukipita pale kuna kama bonde la katikati ya mji wa juu na wa chini, wanaliita nchi ya kati, hospitali iko hapo.

Wakaendelea kukifanya uwanja wa kujifunzia kutupa mabomu. Desemba 1950 wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha Heidelberg, Georg von Hatzfeld na René Leudesdorff, wakavuka na boti wakasimamisha bendera katikati ya yale magofu, baridi hiyo, habari ikaenda dunia nzima. Tarehe 1 Machi 1952 kikarudishwa. Ndiyo maana ukienda usitegemee nyumba za kale, karibu zote ni za miaka ya 50 na 60, kama kota za serikali ila zimepakwa rangi nzuri.

Ng'ambo_Boy:
Mimi nataka hiyo jiografia. Huo udongo mwekundu umetoka wapi ikiwa bara yote matope?

DadaWaHamburg:
Nilimuuliza mtu mmoja wa pale makumbusho. Wanasema chini kabisa kuna chumvi, tabaka nene la bahari ya zamani sana, na chumvi ikikandamizwa inapanda taratibu kama unga wa maandazi, ikalisukuma jiwe la mchanga juu. Wekundu ni kutu ya chuma iliyomo. Sehemu ya juu kabisa ni mita 61, na kwa vile kisiwa kimewekwa kwenye wilaya ya Pinneberg ambayo iko bara karibu na Hamburg, basi kilele cha wilaya nzima kiko baharini. Wakakiita Pinneberg, kwa utani.

Zamani kulikuwa na jabali la pili, jeupe, la chokaa, upande wa mashariki. Watu walilichimba miaka na miaka kuuza chokaa na jasi, na bahari ikamalizia mwaka 1711. Halafu usiku wa kuamkia mwaka mpya wa 1721 dhoruba ikakata ule mchanga uliobaki unaunganisha, tangu hapo ni visiwa viwili, kikubwa na kile cha mchanga wanakiita Düne. Unavuka kwa kiboti dakika chache. Huko ndiko kwenye fukwe na uwanja wa ndege, na sili, wale wanyama wa baharini, wamelala kama magunia ya mkaa, wala hawakujali, ila ukisogea sana wanakoroma. Mwaka 2011 wananchi walipiga kura kama waviunganishe tena kwa kujaza mchanga, wakakataa.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote ni ndege. Ukingo wa magharibi jabali linashuka wima, kuna nguzo moja imesimama peke yake baharini mita 47, wanaiita Lange Anna, Anna mrefu. Pembeni yake maelfu ya ndege, harufu inakufikia kabla hujawaona. Kuna wale weusi mgongoni weupe kifuani, mwezi wa sita vifaranga vyao vikifika wiki tatu vinaruka jioni kutoka juu huko, na havijui kuruka bado! Baba yuko majini anaita, kifaranga kinajitupa, kinagonga jiwe, kinadunda, kinatumbukia, kinaogelea. Sisi meli yetu ilikuwa inaondoka mchana tukaona mchana tu kama vitatu vilivyokosa subira. Laiti tungelala.

Ng'ambo_Boy:
Kula je? Maana wewe umetueleza harufu ya ndege tu 😅

DadaWaHamburg:
😂 Kuna vibanda vya mbao vya rangi rangi pale bandarini, zamani vya wavuvi kuwekea nyavu, siku hizi vingine wanauza chakula. Wana kambakoche wao, ila si kama wa kwetu, yule ana magando makubwa kama ya kaa na ni ghali, nilisoma bei nikarudisha menyu. Nikala magando ya kaa, wanakupa na mkate na siagi, unagonga ganda mwenyewe. Pilipili hawana. Nilikuwa nayo kwenye mkoba, mhudumu akaomba aonje, akaniomba na maji.

Shela_wa_Lamu:
Na huko makumbusho wameandika lolote la Zanzibar au Witu?

DadaWaHamburg:
Zanzibar jina unaliona, kwa sababu mkataba wenyewe Wajerumani wanauita hivyo, Helgoland na Zanzibar. Witu sikuiona, lakini Kijerumani changu cha kusoma ukutani huku naangalia saa ya meli usikiamini sana. Na wenyewe kwa wenyewe wana kilugha chao, Kifrisia cha hapo hapo, kisiwa hawakiiti Helgoland, wanakiita deät Lun, yaani Nchi. Bibi aliyeniuzia posta kadi aliniuliza natoka wapi, nikamwambia Tanzania, akasema Zanzibar! Nikamwambia hapana, Tanga. Akanitazama kama nimemharibia hadithi.

Mtoto_wa_Temeke:
Haya mie kesho narudi kijiweni na mwalimu mfukoni. Dada, meli ni shilingi ngapi na kuna miezi gani mizuri? Nina shemeji yangu Bremen huenda nikaja.

DadaWaHamburg:
Bei hubadilika, angalia wiki uliyopanga. Njoo mwezi wa sita, tena ulale usiku mmoja uone vifaranga. Kama unataka watoto wa sili basi ni Desemba, lakini meli za msimu huo ni chache na zinaahirishwa upepo ukiwa mkali. Na uje na ndimu na tangawizi ya kutafuna, usinidharau.