Naomba ushauri: niandikeje bei ya kahawa ili mkulima aielewe?
Ndugu zangu, ninaandika habari za biashara ya mazao, na kwa upande wa kahawa kuna jambo linalonikera kila ninapoandaa taarifa ya bei. Kahawa aina ya arabika katika soko la New York hutajwa kwa senti za Marekani kwa ratili (takriban gramu 454), aina ya robusta katika soko la London kwa dola kwa tani, na mnada wa Moshi kwa dola kwa kilo 50, ilhali mkulima wa Rombo au Mbozi anahesabu shilingi kwa kilo.

Februari 2025, arabika ilipovuka dola 4 kwa ratili, yaani takriban dola 8.8 kwa kilo, wakulima walinipigia simu wakitaka kujua kwa nini chama chao cha msingi cha ushirika hakiwalipi fedha hiyo. Swali lao ni halali kabisa. Hata hivyo, bei ile ni ya kahawa iliyokwisha kukobolewa, wakati wao wanapeleka chamani kahawa ya maganda, ambayo hupungua uzito kiwandani, na bado kuna gharama za ukoboaji, usafiri na makato mengine. Mhariri ananipa aya moja tu ya kueleza yote hayo.

Je, nigeuze kila bei iwe shilingi kwa kilo ya kahawa ya maganda, ingawa thamani ya dola hubadilika kabla gazeti halijafika vijijini, au niweke bei ya mnada pekee? Naomba hasa maoni ya waliowahi kuwa makatibu wa vyama vya msingi, kwa kuwa wao ndio wanaoulizwa siku ya malipo. Natanguliza shukrani.