INFLAMMABLE SIYO "HAIWAKI"! Huyu mwalimu wa kozi atatuunguza wote

Mbuyuni_Moshi:
Wakuu, nina hasira mpaka simu inatetemeka. Yule mwalimu wa Kiingereza cha wageni mnamjua, sina haja ya kumtaja. Leo kawauzia wapishi na wagumu (wapagazi) wa mlimani karatasi ya vinyume vya maneno. Kaandika: flammable, inawaka, inflammable, HAIWAKI. Kwa wapishi! Watu wa mitungi ya gesi!
Yote mawili maana yake ni kitu kinachoshika moto upesi. Kisichowaka ni non-flammable. Hiyo in- ya mbele ni ya Kilatini, haikanushi chochote hapo. HAIWAKI! Siku moja theluji ya Kibo, kileleni Kilimanjaro, itachemka.

KijanaSakina:
Mkuu umemeza kamusi? Kunywa maji kwanza. Ila huyo huyo anasema kinyume cha valuable ni invaluable. Invaluable ni kitu cha thamani isiyopimika, kinyume ni worthless. Mgeni anakusifia, wewe unanuna na tip inaondoka.

MamaNjiro:
Shida ni kukaririsha neno kavu. Old ina vinyume viwili: old man, young man, old shoes, new shoes. Short vilevile: mtu tall, kamba long. Light: mzigo heavy, chumba dark. Mwanafunzi aandike neno pamoja na kitu chake, afunike upande mmoja, ajiulize kwa sauti. Maneno matano kwa siku yanatosha, na ya jana ayarudie kabla ya mapya.

Mbuyuni_Moshi:
Mnanitoa kwenye mada. Kaandika HAIWAKI jamani, kwa herufi kubwa!

Fundi_Ngaramtoni:
Tumesikia, mzee wa zimamoto. Mimi kinachoniua ni "inpossible". In- ile ya kukanusha ikikutana na p, b au m inakuwa im-: impossible, immature. Kwenye l ni illegal, kwenye r ni irregular. Un- ndiyo haigeuki: unpleasant, unlikely, unripe. Mwalimu mzima hajui!

DadaKijenge:
Afadhali hayo. Kuna waongozaji wanamwambia mgeni "borrow me your pen". Anayechukua ana-borrow, anayetoa ana-lend!

Mbuyuni_Moshi:
Na gesi je?

Mgumu_Machame:
Walimu wa Kijerumani ndio wezi. Ada umemaliza, der, die, das, zile "the" za Kijerumani, bado hawajazigusa.

KijanaSakina:
Si bora wewe umepata mwalimu. Kifaransa huku Arusha jioni kinafundishwa wapi, wakuu?