Je, filamu ya mateso ya Kristo inastahili lawama inazopewa?

Muulizaji:
Tumsifu Yesu Kristo. Kila Kwaresima huitazama filamu ya Mel Gibson ya mwaka 2004, The Passion of the Christ, kuhusu saa za mwisho za Bwana wetu, na kila mara huimaliza nikiwa na hamu ya kusali. Mwaka huu niliitazama pamoja na kikundi chetu cha sala, na mama mmoja, ambaye imani yake siitilii shaka hata kidogo, alitoka nje wakati wa kupigwa mijeledi na hakurudi. Baadaye aliniambia kwamba Injili imelitaja jambo lile kwa sentensi moja tu, basi kwa nini mwongozaji alirefushe kiasi kile? Nilikosa jibu, na neno lake limenikaa moyoni. Ninyi mngemjibuje?

Mwanakwaya:
Milele amina. Ni kweli kwamba Yohana 19:1 inataja mijeledi kwa ufupi mno, lakini wasomaji wa kwanza hawakuhitaji maelezo, kwa kuwa adhabu za Warumi zilitolewa hadharani na watu walizijua. Sisi tuliouzoea msalaba kama pambo la shingoni tunaipita aya hiyo bila moyo kushtuka, na filamu imeturudishia kile walichokijua wao.

Tazama pia jinsi tukio lenyewe lilivyopigwa picha. Askari wanapoziacha fimbo na kuchukua mijeledi yenye ncha za chuma, hatubaki pale muda wote: tunamfuata Maria anayeondoka kwa hatua nzito, huku mapigo yakisikika nyuma yake. Kisha, uwanja ukiwa mtupu, yeye na Magdalena wanapiga magoti na vitambaa vyeupe walivyopewa na mke wa Pilato, wanaifuta damu kwenye mawe taratibu, kama watu wanaokusanya kitu kitakatifu. Mtu aliyekusudia kuwaburudisha watu kwa damu asingeliweka tukio lile. Najua halimo katika Injili, bali linafuata maono yanayohusishwa na mtawa Mjerumani Anna Katharina Emmerick, ila sioni mahali linapopingana nayo.

Msomaji wa Maandiko:
Nakubaliana na Mwanakwaya kuhusu damu, lakini lawama iliyo nzito zaidi ni kwamba filamu inawabebesha Wayahudi hatia ya kifo cha Kristo, nasi tunaoipenda filamu hii hatuna ruhusa ya kuipuuza. Kwa karne nyingi huko Ulaya maigizo ya mateso yaliwachochea Wakristo wawashambulie majirani zao Wayahudi, na ndiyo maana Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulitamka wazi kwamba kifo cha Kristo hakiwezi kuhesabiwa juu ya Wayahudi wote wa wakati ule wala wa leo. Kilio cha umati katika Mathayo 27:25, kwamba damu yake iwe juu yao na juu ya watoto wao, kimebaki katika filamu kwa Kiaramu, ingawa tafsiri yake iliondolewa kwenye skrini.

Hata hivyo, katika filamu wapo wazee wa Baraza la Wayahudi wanaoipinga kesi ya Yesu na kutolewa nje. Simoni Mkirene, anayeitwa Myahudi kwa dharau na askari, ndiye anayewakemea Warumi waache kumpiga mtu aliyeanguka. Na Maria mwenyewe ameigizwa na Maia Morgenstern, mwigizaji Myahudi kutoka Romania. Ninaposhindwa kuitetea ni kwa Pilato. Amefanywa mpole kupita kiasi, hali Luka 13:1 inamtaja kuwa mtu aliyechanganya damu ya Wagalilaya na dhabihu zao.

Mwanakwaya:
Kuhusu Pilato umenishinda, ndugu yangu. Kwa yule mama niongeze jambo moja: mwaka 2005 lilitolewa toleo lililopunguzwa takriban dakika tano za ukatili, kwa hiyo mwongozaji mwenyewe alitambua kwamba wapo waamini wasioweza kuvumilia yote. Asihesabiwe kuwa na imani haba.

Muulizaji:
Nawashukuru sana. Sitamshurutisha aitazame mijeledi ile. Nitamwomba tukae wawili tu, tuanzie pale Bwana anapoanguka chini ya msalaba, na mama yake, akikumbuka alivyomkimbilia alipojikwaa utotoni, anamkimbilia tena na kumwambia kwamba yupo hapa.