Msaada wakuu: Toyota IST kutu imejaa ndani ya boneti, nianzie wapi?

MwanaNgamiani
Wakuu habari za jioni. Nimechukua IST ya 2004 hapa hapa Tanga, injini 2NZ ile ya 1.3, mwenyewe alikuwa anakaa Raskazone karibu kabisa na bahari na gari ilikuwa inalala nje miaka yote. Kwa nje iko poa, rangi imerudiwa, asubuhi inawaka bila shida, na bei ilikuwa ya kirafiki. Sasa fungua boneti. Vichwa vya betri vimeota unga wa kijani na mweupe, trei ya betri imeliwa, oltaneta nayo imepauka ina unga mweupe, bolti karibu zote za kahawia, na pale juu shokapu inapofungwa upande ule ule wa betri rangi inabanduka magamba magamba. Halafu usiku nikiwa sailensa (injini inawaka, sijakanyaga mafuta) taa za mbele zinafifia, sijui kama inahusiana.

Fundi mmoja kaniambia nimpelekee aipige maji ya presha afu aipulizie dizeli itang'aa kama imeshuka melini leo. Roho inasita. Nianzie wapi?

KakaSpana
Dizeli haina shida mkuu, mbona garage zote wanafanya. Inang'aa na kutu inasimama.

FundiUmeme_Chumbageni
KakaSpana usimpoteze mwenzio. Dizeli inalainisha mipira, hosi zinavimba, mikanda inateleza, na ikishakauka kidogo vumbi lote la barabarani linaganda pale, baada ya wiki mbili injini imevaa koti la matope. Wanaouza gari ndo wanapenda dizeli maana inaficha kutu na inaficha liki.

Mleta mada, hizo taa ndo zimenishtua kuliko huo unga. Usioshe kitu chochote kabla hujaangalia waya za ethi. Kuna waya unatoka hasi ya betri unaenda kwenye bodi na mwingine unaenda kwenye injini au giaboksi, chumvi ya bahari inaingia pale ulipofungwa kwenye bati, kwa nje unaona umekaza vizuri kumbe katikati kuna kutu umeme unapita kwa shida. Chukua multimita weka kwenye volti, waya mmoja gusa nguzo ya hasi ya betri yenyewe (sio kile kichwa), mwingine gusa chuma kisafi cha injini, mtu apige stata. Ikisoma kama 0.1 au 0.2 uko salama, ikifika nusu volti na kuendelea ethi yako mbovu. Fungua, piga msasa mpaka chuma kiwe cheupe pande zote mbili, funga, ndo upake grisi juu. Grisi ni baada ya kufunga, sio kabla.

Na ukishawasha pima betri, iwe kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Kama inapanda 15 na zaidi basi oltaneta inachaji kupita kiasi, betri inachemka inatoa mvuke wa asidi, na huo unga utausafisha leo kesho unarudi.

BiProbox
Hapa Mombasa haya mambo tumeyazoea, nipo Nyali na chumvi inakula mpaka bawaba za mlango. Unga wa betri ni rahisi kaka yangu usikutishe. Spana namba kumi, unatoa hasi kwanza, kurudisha hasi iwe ya mwisho, ukianza na chanya spana ikigusa bodi utaona cheche za Idd. Vaa glavu, ule unga usikuguse macho. Magadi ya kuokea, yale meupe ya maandazi, vijiko viwili vitatu kwenye kikombe cha maji moto, mwagia taratibu utaona inatoa povu, povu likiisha asidi imekwisha, sugua na mswaki wa zamani, suuza, kausha. Vile vifuniko vya betri viache vimekaza isiingie ndani. Trei toa kabisa uioshe pembeni maana asidi inajificha chini yake. Ukimaliza paka vaselini.

Usije ukachanganya na ile kostiki ya kutengenezea sabuni!! Ile inakula aluminiamu, na hapo ndani nusu ya vitu ni aluminiamu.

dogo_wa_bajaji
Si amwagie tu soda nyeusi, nimeona video inatoa kutu yote

BiProbox
Inatoa kidogo ndio, ina asidi. Kutu ya betri nayo imetokana na asidi, sasa unamwagia asidi juu ya asidi? Na ile sukari nani atailamba, sisimizi?

MzeeWaBodi
Vijana mnaenda mbio. Kutu ina kwao, uliza kwanza imetokea wapi. Ikiwa chini ya betri tu, ni asidi. Ikiwa chini ya kile kikopo cha mafuta ya breki, hayo mafuta yamemwagika yakala rangi, na kama bado yanavuja hata upake rangi mara kumi itabanduka. Ikiwa kwenye kona za nyuma karibu na waipa, fungua ile plastiki chini ya kioo utakuta majani yameziba njia ya maji, watu wa kuegesha chini ya miembe mnanielewa. Ikiwa kila sehemu na imekaa sawasawa, hiyo ni bahari.

Sasa bwana Ngamiani, habari ya pale shokapu inapofungwa hiyo sio ya kuosha. Chukua bisibisi bapa, gongagonga kwa mpini ukisikiliza, chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti ya kufa. Halafu chokoa kwa ncha. Ikikwaruza tu na chini ni chuma kigumu, una bahati, ni kutu ya juu. Bisibisi ikizama, usipeleke gari popote mbali, pale ndo panabeba uzito wote wa mbele, kishimo kimoja cha Barabara ya Pangani shokapu inakutokea kwenye boneti. Hapo ni kukata na kuchomelea bati jipya la unene ule ule, na mchomeleaji atoe betri na plagi za oltaneta kabla hajawasha mashine. Mtu akikwambia atajaza puti (ile ya kuzibia mashimo ya bodi), kunja jamvi uondoke.

Paipu za breki zinazopita hapo nyuma pia ziangalie. Zikiwa zimevimba au zinabanduka hupigi msasa, unabadilisha.

MwanaNgamiani
Mzee shikamoo, nimesoma nikaenda na tochi moja kwa moja. Bisibisi haikuzama, imekwaruza tu, chini chuma kigumu. Ethi ya injini nimepima 0.7! Nimefungua imekuwa kama biskuti, nimeisugua na kufunga tena, sasa inasoma 0.15 na taa zimetulia. Chaji inasoma 14.1. Kwahiyo unga ulikuwa wa uzee tu wa betri au?

Na zile bolti za kahawia na unga wa oltaneta nifanyeje?

FundiUmeme_Chumbageni
Safi sana. Ila ule waya kama ndani nyuzi zimekuwa kijani kata kabisa weka mpya mnene, kusugua kwenye ncha kunakupa muda tu. Betri kama ni ya zamani inavujia pale kwenye shingo ya nguzo, kausha vizuri uone kama unyevu unarudi.

Unga mweupe wa oltaneta ni aluminiamu imepauka, ile tabaka yenyewe inapunguza kasi ya kuliwa, brashi laini basi. Usipulizie kitu ndani ya oltaneta. Bolti usiziguse kama huna kazi nazo. Ukiwa na kazi nayo pulizia mafuta ya kulegeza kutu leo, fungua kesho, hasa zile za eksozi, zikikatikia ndani utatafuta mtu wa kuzitoboa. Na manifodi ya eksozi (pale moshi unapotokea kwenye injini) kuwa na kutu ni kawaida, achana nayo, ukiipaka grisi gari itafuka moshi mpaka majirani waje na ndoo.

MzeeWaBodi
Marahaba. Hapo kwenye shokapu: brashi ya waya, msasa namba 80 mpaka kahawia yote iishe, kwenye vishimo ambapo msasa haufiki paka dawa ya kubadilisha kutu ile inayogeuka nyeusi, iache ikauke kama chupa inavyosema, futa kwa tina, praima ya kuzuia kutu mikono miwili, rangi juu. Siku ya jua, sio siku yenye unyevu.

BiProbox
Na kuosha iwe injini imepoa kabisa, betri imefungwa nailoni, oltaneta, kisanduku cha fyuzi na mdomo wa filta ya hewa pia. Dawa ya kuondoa grisi, brashi, maji ya bomba yasiyo na nguvu, presha mwachie mwenye lori. Hiyo 2NZ koili (zinazopeleka umeme kwenye plagi za injini) zimekaa juu ya plagi, maji yakituama kwenye vile visima gari itakuwa inarukaruka. Kausha kwa upepo wa kompresa. Umepima maji ya rejeta ni rangi gani?

MwanaNgamiani
Kahawia dada. Jamaa alikuwa anaweka ya kisima.

BiProbox
Haya basi kutu ya nje imepata mwenzie. Subiri injini ipoe, mwaga yote, suuza mpaka yatoke meupe, weka kulanti (dawa ya kupozea injini) iliyochanganywa na maji yaliyokenekwa, yale wanayouza ya kuongeza kwenye betri, ila soma chupa vizuri wasikupe asidi, chupa zinafanana. Kofia ya rejeta kama mpira umekatika nunua nyingine. Baada ya hapo angalia kiwango kila asubuhi, kwa sababu mara nyingine huo uchafu ndo ulikuwa umeziba tundu.

KakaSpana
Sasa hiyo dizeli niliyomnunulia jirani nifanye nini 😂

FundiUmeme_Chumbageni
Weka kwenye jenereta.