Mjadala: Riwaya za upelelezi zitolewe kwenye kabati la skuli?

Mwanzisha mada, Unguja

Assalaam alaykum wana barza. Mtaani kwetu pana skuli yenye kabati la vitabu vya kuazima. Baadhi ya wazazi wametaka riwaya zote za upelelezi zitolewe, hoja yao ni kuwa zinawafundisha watoto kuua, kuiba na kusema uongo. Kamati bado haijaamua. Mimi si mwalimu wala mhakiki, ni msomaji tu, nasoma usiku nikishafunga duka. Lakini jambo hili limenigusa na siwezi kulinyamazia: kuzitoa zote ni kosa, na kwetu Zanzibar ni kosa zaidi kuliko kwengine kokote.

Huyu mpelelezi wa Kiswahili tunayetaka kumfukuza ni mtoto wa hapa. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, aliandika Mzimu wa Watu wa Kale, ikashinda mashindano ya East African Literature Bureau ya 1957/58, ikachapwa 1960. Ikafuata Kisima cha Giningi mwaka 1968, na nyengine baada yake. Kabla ya kuingia kwenye uhariri wa magazeti alifanya kazi idara ya afya, na mimi naiona kazi ile ndani ya vitabu vyake. Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya zake, na kiko chake anaingia nyumba ya watu kama bwana afya: anatazama kilichowekwa na kilichofichwa, halafu anauliza maswali madogo madogo yanayomkera mwenye nyumba.

Katika Mzimu wa Watu wa Kale maiti imekutwa mzimuni, na watu wako tayari kuamini kuwa mzimu ndio ulioua. Bwana Msa hagombani nao. Anataka kujua nani alikuwa wapi, nani alikuwa na sababu, nani anasema asichokiona. Sasa fikirini mambo yetu. Simu ikipotea kwenye harusi, hata mkeka haujainuliwa ukatazamwa chini, keshatajwa mtoto wa kazi au mgeni aliyekuja juzi. Wengine wanakwenda kupigiwa ramli. Wanaambiwa aliyechukua ni mfupi, maji ya kunde, na yupo karibu na nyumba. Nani mtaani hayumo humo? Ujirani wa miaka na miaka unavunjika siku hiyo, na pengine simu ilisahauliwa kwenye gari ya bibi harusi. Kijana aliyezoea kusoma hadithi ambayo mtuhumiwa wa mwanzo si mkosa, huyo atasita kidogo kabla ya kunyoosha kidole. Kusita huko ndiko ninakokutaka mimi kwenye skuli zetu.

Nakubali riwaya hizi si za namna moja. Kuna za fumbo na kuna za mbio. Willy Gamba wa Elvis Musiba, tangu Kufa na Kupona ya 1974, ni mtu wa mbio: jasusi, bunduki, wanawake, adui wa Afrika. Nilizisoma kwa pupa na sizikani, ila mapenzi yangu yako kwenye fumbo. Kipimo changu ni kimoja. Nikishamjua muuaji narudi nyuma kutafuta: dalili zilikuwepo mbele ya macho yangu, au mwandishi amenitolea mtu mfukoni ukurasa wa mwisho? Akinitolea mfukoni, kitabu hicho simpi mtu.

Semeni na nyinyi.

Mzazi, Wete

Mwanangu, umesema vizuri lakini umetupakazia. Hakuna mzazi anayegombana na Bwana Msa. Mimi nilimsoma nikiwa msichana, kitabu kikitoka nyumba hii kikiingia ile, jalada limeshonwa kwa uzi. Nilichokikuta kwa binti yangu wa darasa la sita ni kitu chengine: mwanamke ananyongwa ukurasa mzima, polepole, na kabla ya hapo kitanda kimeelezwa mpaka shuka. Hilo ni fumbo gani? Na nani kule skuli atakaa asome kitabu kimoja kimoja akichambua? Mwalimu mmoja ana watoto tele darasani. Wakisema "tutachagua", maana yake hakitachaguliwa kitu. Bora visiwepo.

Maalim, Mkoani

Mimi sipingi kwa sababu ya maadili, napinga kwa sababu ya fasihi. Kabati lenyewe ni dogo na fedha ya vitabu ni kidogo. Katika upelelezi watu wanaletwa ili mmoja auawe na wengine washukiwe, basi. Muuaji akishajulikana kazi imekwisha, kitabu unakirudisha. Nisomee Vuta N'kuvute ya Adam Shafi: Yasmin na Denge unabaki nao, na Unguja ya wakati wa mkoloni unaiona kwa macho ya watu waliokuwa wakiishi. Bwana Msa kanibakishia kiko tu.

Msomaji wa kwenye boti

Maalim, watoto hawasomi kabisa, halafu tunachagua cha kuwanyima? Mimi nimeanza kusoma kwa upelelezi. Siku hizi nasoma ya Kiingereza kwenye simu nikivuka kwenda Pemba. Gone Girl ya Gillian Flynn, ya 2012, mume anasimulia, mke anasimulia, na hujui umuamini nani. Nilishuka bandarini sijauona mkondo wa bahari. Za zamani zetu naziona zinakwenda taratibu mno. Lakini zibaki.

Mwanzisha mada, Unguja

Shikamoo mama wa Wete. Kuhusu kitabu ulichokikuta kwa binti, niko upande wako, tena moja kwa moja. Mtoto wa darasa la sita si wa kusomeshwa namna mtu anavyonyongwa. Kitabu kile kitoke. Ila kutoa kile na kutoa vyote ni mambo mawili. Umeuliza nani atachagua. Wazazi hao hao waliokwenda kulalamika! Kila mmoja achukue kimoja nyumbani, akisome mpaka mwisho, arudi aseme mbele ya kamati: hiki kwa wadogo, hiki kisubiri kidato cha tatu, hiki hapana. Kabati lenyewe halijai vitabu vya kumshinda mtu. Na mzazi aliyekisoma atakuwa na la kuzungumza na mwanawe, kuliko mzazi aliyekinyang'anya.

Kijana wa boti, taratibu hiyo unayoilalamikia ndiyo inayokupa nafasi ya kufikiri. Ukikimbizwa huwezi kuhesabu nani alikuwa wapi.

Maalim wangu, hapa hatukubaliani, nakwambia kwa heshima. Si kweli kuwa kitabu kinakwisha muuaji akijulikana. Agatha Christie alipotoa The Murder of Roger Ackroyd mwaka 1926, wako waliosema kawachezea rafu wasomaji. Ukiisoma mara ya pili ukishajua jawabu, unakuta kila neno lilikuwa mahali pake na wewe ndiye uliyepita bila kuona. Mara ya pili ndipo ninapomfurahia mwandishi. Na The Hound of the Baskervilles ya Arthur Conan Doyle, ya 1902: watu wanaogopa jibwa la laana ya ukoo, kumbe nyuma yake pana mtu na tamaa yake ya mali. Mwingereza na mbwa wake, Mmakunduchi na mzimu wake, wote wanamwambia msomaji asiridhike na khofu. Huko si kubakisha kiko tu.

Yasmin na Denge nawapenda kama wewe, na sitaki watolewe nafasi. Lakini mtoto asiyewahi kumaliza kitabu hata kimoja atafika vipi kwao? Kule skuli ipo nakala ya Bwana Msa ambayo mtu ameandika jina la muuaji kwa penseli ukurasa wa kwanza, na mwengine akalifuta kwa nguvu mpaka karatasi ikatoboka. Watoto wanaogombania kitabu hivyo, mimi siwezi kuwafungia kabati. Kikao cha kamati kikiitwa nitakwenda, na mzazi yeyote aliye karibu naye aje, ila aje akiwa ameshasoma.