Eti "hili dole gumba ni la nani?" Wenye zahanati njooni hapa

Wakuu nimetoka ofisi ya bima ya afya sasa hivi hata maji sijanywa. Yule jamaa wa madai ya bima, jina la nini, kila mwenye zahanati mji huu anamjua, yule wa chai isiyoisha. Nimempelekea boksi la fomu za mwezi mzima, kachomoa moja, kainyanyua kwenye taa kama anakagua noti ya elfu kumi, kaniuliza "hili dole gumba ni la nani?"

La nani?? La bibi wa watu, kapita miaka 70, hajui kuandika, kaja na malaria, kapimwa, kapewa dawa ya mseto, kabonyeza dole kaenda zake. Jumla 9,500. Eti mgonjwa hajasaini, nimlete bibi ASAINI.

Zahanati ina watu sita, mmoja kazi yake madai tu, hachomi sindano, hapimi presha. Mwisho wa mwezi nesi wa usiku anagonga mihuri mpaka alfajiri utadhani tunatoa pasipoti za Afrika nzima. Na tunajaza kwenye kompyuta, halafu tunaprinti kilekile tulichojaza tunakibeba na bodaboda. Kadi imehakikiwa, namba ya kibali imetoka, mnataka nini tena? Wino, nauli, mshahara, ile 9,500 imeshaliwa kabla haijalipwa.

Hili dole ni la nani! Mbele za watu!

Mzee wa Foleni: Ungemjibu la mkweo 😂

Nesi Kiburi: Afadhali wewe dole. Sisi tumekatwa malipo kisa daktari kaandika namba ya ugonjwa B54, malaria isiyotajwa aina, kumbe kipimo kimeonyesha aina ya falsiparamu, ilitakiwa B50. Malaria si malaria jamani?

Kamanda: Mnaandikaga wagonjwa hewa, acheni mkaguliwe.

Mleta uzi: Hewa ina dole gumba???

Mama Wawili: Nyie nanyi mtuombe radhi. Ukitoa kadi "kaa kule", wa keshi anapita. Nimekaa masaa manne mtoto anachemka.

Chalii wa R: Mimi mtandao ulikata nikalipa keshi, hela sijarudishiwa mpaka leo.

Wa Nairobi: Huku Kenya tulibadilishiwa bima Oktoba 2024, tukaanza kujisajili upya wote.

Mleta uzi: Turudi kwenye dole.

Mama Wawili: Kuna anayejua zahanati Tabata inapokea kadi Jumapili?

Chalii wa R: Ipo moja karibu na kituo cha Bima hukohuko Tabata, nenda mapema.